Siku Niliyopanda Lori Nikitafuta Kichwa cha Gramafoni

Aibu hii ni yangu na sitaki kumsukumia mtu mwingine. Waliokuwepo siku ile pale Nyakanazi ni hawa: mimi Eufrazia, ambaye shule niliiachia darasa la tatu lakini jina la mtu nikilisikia mara moja halinitoki, wifi yangu Domitila, mdogo wake mume wangu, mjane, nyumba yake na yangu zinatenganishwa na migomba tu, Deo dalali, mama yake anaitwa Ansila (nilimuuliza), Zakaria dereva, mama yake Veronika (na yeye nilimuuliza), Kasimu muuza redio, na mwishoni, wakati nisiomtaka kabisa, mume wangu Mzee Leopold. Waliobaki walikuwa watazamaji, na walikuwa wengi.

Chanzo ni kitenge. Mzee ana gramafoni ya umeme, ya Mjerumani, iliyokaa ndani ya sanduku la mninga alilolichongesha mwenyewe, na hiyo gramafoni kwetu inaheshimiwa kuliko mgeni, maana mgeni unaweza kumshika mkono, yenyewe haishikwi na mtu ila Mzee. Sasa yeye alikuwa amekwenda Bukiriro, huko Ngara, kwa kaka yake, arudi Alhamisi, na Jumamosi tunatimiza miaka hamsini ya ndoa, wazee wenzake ameshawaalika waje wasikilize zile santuri tulizochezea ujanani. Mimi nikasema ngoja nipanguse vumbi, kazi ndogo tu, nikachukua pembe ya kitenge nilichokivaa, uzi mmoja ukashika sindano, nikavuta (mtu mwenye akili asingevuta), sindano ikatoka pamoja na kipande cha kile kidude kinachoishika. Nikakaa chini pale pale.

Nikamwita fundi Pastory wa hapa hapa Nyarubungo. Akaangalia, akatikisa kichwa, akasema, "Bibi, hapa sindano peke yake haitoshi. Inabidi ubadilishe kichwa chote." Kumbe mafundi kile kidude wanakiita kichwa. Akanieleza namna ya kukichagua: kiwe chepesi, kwa sababu kizito kinakwangua, tena wanaojua kazi wanakipima kwenye mizani midogo kama ya dhahabu, nyuma kiwe na ncha nne za kushika nyaya, nikakiulizie kwa Kasimu wa Nyakanazi, anayenunua redio za zamani. Akatoa kalamu aniandikie kwenye karatasi nimwonyeshe muuzaji. Nikamwambia, "Pastory, mimi namkumbuka kwa jina ng'ombe niliyetolewa mahari. Karatasi ya nini?"

Hapo ndipo nilipojiponza, sijui niseme nini zaidi.

Jumatano asubuhi nikaondoka na Domitila. Tumeshuka Nyakanazi, malori yamepangana hujui mwanzo wala mwisho, na mtu wa kwanza niliyemwona ametulia ni kijana wa makamo ameegemea tairi anakula hindi la kuchoma. Akaniamkia vizuri, shikamoo mama, nikaitika marahaba, nikamwuliza, "Namtafuta Kasimu, nasikia anauza vichwa."

Akacheka. "Kasimu hauzi vichwa, mama, Kasimu anauza redio mbovu. Vichwa niulize mimi, Deo."

Nikamshukuru Mungu kwa kunifupishia safari. (Nyinyi mnaokaa barabarani mmeshajua. Mimi ni mkulima, sikujua kwamba pale Nyakanazi ukisema kichwa unasema lori, ile sehemu ya mbele yenye injini inayovuta tela.)

"Unataka kipya au kilichotumika?" akauliza Deo.

"Kilichotumika, mradi hakijachoka. Cha kwangu kilikuwa cha Mjerumani."

"Mjerumani ni mtu wa kazi. Kimepatwa na nini?"

"Kimekwama kwenye kitenge."

"Kitenge, huko Kongo?"

"Ndiyo, cha Kongo," nikajibu, maana ni kweli, kile kitenge niliuziwa na mama mmoja, mama Felisiani, kuwa kimetoka Kongo. (Kumbe huko Kongo kuna mji unaitwa Kitenge.)

Deo akapiga mluzi. "Pole sana. Huko pabaya. Nani alikuwa anaendesha?"

"Mimi mwenyewe."

Akavua kofia. Akamwangalia Domitila, Domitila akaitikia kwa kichwa kama shahidi kanisani. "Kwa umri huo, mama?"

"Mzee wangu hataki niguse, lakini hakuwepo."

"Na tela lako liko wapi sasa?"

"Sina tela mwanangu, nina sanduku. La mninga."

"Ahaa, kumbe mama unasafirisha mninga." Mimi sikuelewa, ila mtu akikuheshimu usimkatize. "Sasa nikupe kizito?"

"Chepesi. Fundi amesema kizito kinakwangua."

"Fundi wako yuko sahihi kabisa. Kizito kinakula barabara, halafu kwenye mizani watakusumbua."

Aliposema mizani nikambana Domitila ubavuni, nikamnong'oneza, "Umesikia? Huyu ndiye." Hayo ya kula barabara nilidhani ni lugha ya ufundi.

Akatupeleka nyuma ya gesti, kwenye uwanja, akasimama mbele ya lori la kijani, akamwita dereva wake Zakaria afungue mlango, akaniambia, "Panda ukione mwenyewe, bei tutaongea ukishuka." Nami nikaona ni sawa, kitu chenyewe kidogo na cha thamani, watu wanakiweka ndani kisiibiwe. Nikapanda. Ngazi ya lori imetengenezewa mtu mwenye magoti, mimi magoti niliyaacha kwenye shamba la kahawa, kwa hiyo Domitila akanisukuma kutoka nyuma kwa bega, kandambili moja ikaanguka, tukaendelea bila hiyo.

Ndani nikaanza kutafuta. Nikaangalia chini ya kiti, nikafungua kile kisanduku cha mbele, nikakuta soksi na machungwa. Nikasikia Zakaria anauliza chini, "Bibi anatafuta nini mle?"

Deo akamjibu, "Anakagua. Huyu mama anajua kazi, wewe angalia."

Nikahamia kiti cha dereva nitafute upande ule, na nilipoinama kiwiko changu kikatua katikati ya usukani. Ile honi si honi, ni tarumbeta ya kiama. Nikataka kujitoa haraka, kumbe kitenge kimeshika mkono wa gia (kitenge kile kile, kingekuwa na midomo kingecheka), nikarudishwa nyuma, kiwiko kikakaa tena pale pale. Honi ikalia. Akina mama wa mahindi wakaja, wapakiaji wakaja, mmoja akapiga vigelegele akisema mama dereva shusha breki twende, mwingine akasema mwacheni mama yetu aendeshe, vijana wameshindwa. Domitila chini anapiga makelele, "Wifi, shuka kwenye rori" (kwake lori ni rori tangu azaliwe), na mimi nashindwa kushuka kwa sababu nimefungwa na nguo yangu mwenyewe.

Wakati huo huo basi la kutoka Ngara likasimama kushusha watu. Akashuka mzee mmoja na mwavuli na kifuko cha maharage, siku moja kabla ya ile aliyoniahidi. Sikuhitaji kumtazama mara mbili, mwavuli ule niliushona mimi.

Mzee Leopold akaja polepole hadi chini ya dirisha, akainua uso. "Mama Adventina, huko juu unakwenda wapi?"

"Natafuta kichwa," nikasema. Sikuwa na uongo wowote karibu.

Akatega sikio, kisha akamgeukia Deo, na Deo kwa sauti yake nene akamweleza yote kwa furaha: mama ni mteja, kichwa chake cha Mjerumani kimekwama Kitenge huko Kongo, alikuwa anaendesha mwenyewe, ana sanduku la mninga linamsubiri. Mzee akasikiliza. Akatazama kitenge changu, kile kipande kilichochanika uzi. Akasema, "Unazungumzia gramafoni."

Deo akafikiri kidogo. "Gramafoni ni gari la nchi gani, mzee?"

Jamani. Watu walicheka mpaka mahindi yakaungua jikoni. Zakaria akanishusha mgongoni kama mtoto mwenye homa, na huko mgongoni mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba Jumamosi imekufa na nimeiua mimi.

Mzee akatangulia na mwavuli wake hadi kwa Kasimu. Kasimu akatandika kitambaa, akaweka vichwa vitatu, vidogo kama punje mbili tatu za hindi zilizoshikana. Akavifunga kimoja kimoja kwenye gramafoni yake, santuri ile ile. Cha kwanza kilitoa sauti ya nyuki waliofungiwa kwenye debe. Cha pili ni kama kwaya inayoimba chini ya blanketi. Cha tatu, nilimsikia mwimbaji anavuta pumzi kabla hajaanza.

"Mzee, umependa kipi?" akauliza Kasimu.

"Vyote ni sawa," akasema Mzee.

Nikamtazama. Huyu ndiye mtu anayeondoka kwenye harusi ya watu redio ikikwaruza. Akanivuta mlangoni, akaniambia kwa sauti aliyodhani ni ya chini (nje wote waliisikia), "Chagua wewe. Sauti nyembamba zimeniondoka, mwaka wa tatu huu. Ngoma naisikia, na honi yako nimeisikia vizuri sana. Waimbaji siwasikii."

"Sasa jioni ukikaa pale unasikiliza nini?"

"Naangalia inavyozunguka. Nyimbo nazikumbuka."

Kumbe alikuwa akinikataza kuigusa nisije nikakaa karibu nikagundua. Na mimi nimekimbia mpaka Nyakanazi kumficha sauti ambayo asingeisikia. Nilitaka kulia, ila Deo alikuwa ametufuata, akachungulia mlangoni akauliza kwa upole kama kile cha kijani ndiyo basi hatukichukui, nikacheka mpaka Kasimu akaniletea kiti, na Mzee aliponiona nacheka naye akacheka. Nikachagua cha tatu.

Jumamosi wazee walikuja, wote wakiniita dereva. Sindano niliiweka mimi kwa mkono wangu. Mzee alilaza kiganja juu ya sanduku la mninga apate ngoma, na kila mwimbaji alipoingia nilimbonyeza bega. Tulicheza. Hakukosea hatua hata moja, mimi ndiye niliyekosea.

Nimeapa nikivunja kitu cha mtu nitamwambia kabla sijapanda gari. Na nyinyi mliokuwepo, nisahihisheni. Domitila anashikilia kwamba lori lilikuwa la buluu, na Deo anadai honi ililia mara tano. Kama nimekosea jina la mtu au la mama yake, njooni nyumbani mniambie, nitafuta niandike upya. Ila mkiingia ongeeni kwa sauti nene, Mzee naye asikie.