Meno Matatu Ndani ya Chuma

Juzi nilienda madukani Adams Arcade kununua pazia, na nyuma ya duka moja mtu alikuwa akikata chuma. Ile harufu ya chuma cha moto kilichomwagiwa maji na mafuta ikaniingia puani, nikasahau pazia. Nilisimama pale kama mjinga, mtu mzima na kikapu chake, machozi yananitoka. Wacha niwaambie kwa nini.

Baba alikuwa fundi wa chuma mtaani Waithaka. Yeye na rafiki yake Mutua, Mkamba mmoja mpole, walikuwa na msumeno wa mkanda, ule ambao bledi yake yenye meno ni ndefu na inazunguka kwenye magurudumu mawili. Nilijua kuchagua bledi kabla sijajua kusonga ugali. Chuma kinene kinataka meno makubwa. Bomba jembamba linataka meno madogo yaliyosongamana. Ukiwa na shaka, weka ukingo wa bomba kwenye bledi uhesabu kwa ukucha: meno matatu lazima yaume pamoja. Jino likiuma peke yake litanaswa, ling'oke. Baba mwenyewe alikuwa na pengo mbele, nami nilimwambia kwa kipimo hicho asiguse mahindi ya kuchoma. Alicheka mpaka akaketi. "Haraka haraka haina baraka, Maitu," alipenda kuniambia. Aliniita hivyo, yaani mama yetu, kwa sababu nimepewa jina la mamake.

Ijumaa moja, shule zikiwa zimefungwa, Mama alikuwa anarudi kutoka hospitali. Kifua kilimsumbua; akilala chali alikosa hewa kabisa. Baba alikuwa akimtengenezea kitanda cha kuinuka upande wa kichwa, cha mabomba membamba, na asubuhi hiyo bledi ya meno madogo ikakatika. Ilibaki ile ya meno makubwa tu. Mutua alisema ataenda mjini kutafuta nyingine, atarudi jioni. Baba hakutaka kusikia. Alianza kuifunga ile kubwa.

"Ndung'u, hiyo si ya bomba," Mutua alimwambia Baba. "Na ni wewe ulinifunza."

"Sina jioni," Baba akamjibu.

Mashine ililia kama mbuzi aliyefikishwa kichinjioni Dagoretti. Meno yakaruka, bledi ikakatika, bomba likapinda. Baba alijaribu kulinyoosha kwa goti, likazidi kuharibika, basi akaketi kwenye vumbi la chuma akalia kwa sauti. Jamani, niliogopa. Sikujua baba wa mtu anaweza kulia hivyo mchana, watu wakipita. Mutua alichukua msumeno wa mkono akaanza kukata bomba lingine, nami nikalishikilia.

Mama aliletwa kabla hatujamaliza. Baba alikimbia nyumbani, akaketi kwenye godoro sakafuni, mgongo ukutani, akamwegemeza kifuani pake. Hivyo ndivyo Mama alivyoweza kupumua. Mimi na Mutua tulikileta kitanda giza likiingia, hata rangi hakijapakwa. Mama alikitazama kwa muda.

"Ni kizuri," alisema. "Lakini niacheni tu hapa."

Nilikasirika, wacha niseme ukweli. Baba ameteseka siku nzima, naye hata hajaribu! Mimi nilidhani hospitali huwarudisha waliopona tu. Asubuhi nilikuwa nimefagia uwanja nikiimba. Hakuna aliyeniambia kwamba madaktari walimwambia Baba amchukue tu, wao wamefika mwisho. Hayo nilielezwa na Mutua wiki ya harusi yangu, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini fundi aliyejua bledi zake kuliko mtu yeyote Waithaka alifunga isiyofaa huku akijua.

Mama alituacha kabla ya Jumapili, bado ameegemea pale pale kifuani pa Baba. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kando yao, na Baba hakuwahi kumsihi ahame.