Pindo la Sare Yangu

Juzi kliniki, hapa Mbeya, binti mmoja aliyeanza kuhudhuria karibuni alinisogelea kwenye benchi akaniuliza, "Dada, umeishi na selimundu mpaka umefika umri huo. Huo moyo uliutoa wapi?" Nikacheka tu, nikamwambia anywe maji mengi. Lakini nilipofika nyumbani, mtaa wa Soweto, nilikaa na kikombe cha chai mpaka kikapoa, maana jibu lenyewe lilikuwa Mafinga, kwa bibi yangu.

Ugonjwa huu nimezaliwa nao. Niliurithi kwa baba na mama, na wao wenyewe hawakujua kama wameubeba. Mama alipojifungua mdogo wangu, huku bado anauza vitenge sokoni, bibi alikuja kunichukua. Watu wakashangaa. Mtoto ambaye baridi ikimpata tu mifupa inamuuma usiombe, unampelekaje Mafinga? Bibi akasema, "Baridi naijua. Niachieni mimi."

Na kweli aliijua. Asubuhi alishindilia pumba za mbao kwenye jiko la bati, akaacha tundu katikati, akawasha. Joto lake lilidumu mpaka jioni. Ukiniuliza Mafinga ni nini, nitakwambia ni mlio wa misumeno tangu kunapokucha, na harufu ya utomvu wa miti ya misindano iliyoingia hadi kwenye blanketi. Mimi kiti changu kilikuwa karibu na jiko, lakini sikukaa bure. Nilimenya viazi, nilichambua maharage, na makande hayakuepuliwa mpaka mimi nimeonja chumvi. Shuleni, mwalimu wetu alinikalisha dirishani jua linapoingia, akaniruhusu kuvaa suruali ndani ya sketi. Aliyenicheka alipewa kufuta ubao.

Maumivu yalikuja hata hivyo. Yakija, bibi alinikanda kwa maji ya moto miguu na mgongo, wala hakuniambia ninyamaze. "Lia, mama," alisema. "Yanauma, mimi nayaona. Lia, halafu unywe maji." Sijui kama unajua, rafiki yangu, ni zawadi gani mtoto kuruhusiwa kulia bila kuambiwa ajikaze.

Kipupwe kimoja nilizidiwa, nikalazwa. Niliporudi nyumbani, mama jirani alikuja kunipa pole. Akadhani nimelala. Nikamsikia akimwambia bibi kwa sauti ya chini, "Dada, usijichoshe sana. Watoto wa hivi hawafiki mbali."

Mimi nikageukia ukutani. Kuanzia hapo nikaacha kula vizuri, nikaacha hata kuuliza shule inafunguliwa lini. Ya nini, kama sifiki mbali?

Nilipopata nguvu, bibi alinichukua mpaka sokoni kwa fundi cherehani kunishonea sare mpya. Fundi akanipima. Bibi akamwambia, "Ongeza urefu. Ongeza tena."

"Bibi, itaburuza chini hii," fundi akasema.

"Basi pinda. Pindo liwe kubwa. Huyu anakua."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, hakunitazama hata. Lakini mimi nilisikia. Sare ilipokuwa tayari, njiani nilishika sketi yangu nzito kwenye mfuko, nikamwambia nina njaa. Akaninunulia hindi la kuchoma, tukalila tukitembea, yeye punje zake, mimi zangu.

Baada ya hapo, kila sketi ilipokuwa fupi, bibi alitoa kigoda barazani mchana kweupe, akafumua pindo kidogo, akashona upya. Jirani alimwona. Siku moja alivuka kutoka uani kwake na pasi ya mkaa, akachukua sketi, akanyoosha ule mkunjo uliobaki.

Bibi alifariki mimi nikiwa chuoni Iringa. Nilimzika nikiwa mrefu kumpita. Niliolewa, nikapata mtoto mmoja. Zipo siku nilizojiona mzigo, na siku hizo nimelia, nikanywa maji, nikaendelea.

Mwaka jana nilipita Mafinga. Nyumba ya bibi imebomolewa, pamejengwa fremu za maduka. Kwenye duka moja wanauza majiko ya gesi. Sare zinaning'inia mlangoni zikiwa zimeshonwa tayari, mapindo yake membamba kama uzi. Nilisimama pale nisijue nitazame wapi, mpaka nikasikia sauti nyuma yangu ikinisalimu kwa lugha ya kule: "Kamwene, mama."

Alikuwa yule jirani, kazeeka, anatembelea fimbo. Alinishika mkono akanipeleka kwake, akanipa viazi na chai. Kisha akasema, "Mwanangu niliyemzika alikuwa na ugonjwa kama wako. Ndiyo maana nilikuogopea."

"Sikujua, bibi."

"Ungejuaje? Bibi yako alijua. Wewe ukizidiwa, ukishalala, alikuwa anakuja hapa jikoni kwangu. Analia, mimi nalia naye. Akimaliza anasema, ngoja nirudi, mtoto asiamke peke yake."

Miaka yote ile sikuwahi kuona chozi la bibi yangu. Nilimshika mama yule mikono yote miwili, nikamshukuru kwa kumpa bibi mahali pa kulia.