Pezi la Nyuma

Kila asubuhi, kabla ya kugusa udongo, mfinyanzi wetu wa mifano ya udongo ya magari mapya huvua pete ya ndoa isije ikaukwaruza. Kisha hufumba macho na kupitisha kiganja juu ya pezi la nyuma la gari, lililoinuka kama la papa, taratibu, kama anayemtuliza farasi. "Si ulioe tu hilo gari, mzee!" humtania Delbert, mchoraji. "Lishaposwa na wakubwa," hujibu.

Jana wakubwa walilikataa, eti Detroit nzima, jiji la viwanda vya magari, imechoka na mapezi. Desturi yetu, gari likikataliwa, aliyelifinyanga ndiye hulikwangua, udongo urudi tanurini ulainike kwa gari jingine. Alikwangua boneti, milango, paa. Alipofika kwenye pezi akaweka kikwangulio chini, akavaa pete yake, akaniambia, "Hapa malizia wewe, ndugu yangu."