Jumamosi Wageni Walipokwama

Serafin Plankl amelinda mteremko wa mlima wetu kwa miaka thelathini na moja. Ni mtu mrefu, mkavu, na kwenye ski, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, anashuka taratibu, magoti yamekunjwa, macho yakiangalia huku na huku. Wageni wanaokuja likizo humpita wakicheka. Baadaye, mmoja wao akivunjika, yeye ndiye humfunga kwenye sleji nyekundu ya kuburutia majeruhi na kumshusha kijijini.

Tunaishi ukuta kwa ukuta. Mke wake alifariki mapema kabla hawajapata mtoto, basi binti yangu Zenzi alipozaliwa nilimwomba Serafin awe baba yake wa ubatizo, na mpaka leo humwita Baba. Alimnunulia ski za kwanza, fupi kama miiko. Akamfundisha kusimama kabla ya kumfundisha kwenda. Mimi nilitazama dirishani huku nimeuma ncha ya aproni.

Ndivyo nilivyo. Mume wangu husema nina macho ya paka na moyo wa kuku. Napika kwenye kibanda cha chakula katikati ya mteremko, na dirisha la jikoni linatazama mahali tunapopaita Shingoni, ambapo njia inabanwa kati ya mwamba na msitu. Juu yake kuna nundu. Anayetoka kileleni haoni Shingoni mpaka awe amekwisha kuivuka nundu. Kwa miaka kumi na miwili nimekaanga vitunguu nikiitazama nundu ile.

Msimu wa vuli kampuni ya lifti zinazopandisha watu mlimani ilituita kwenye baa ya kijiji. Majira ya baridi yaliyotangulia wageni wawili waligongana Shingoni, na mmoja mpaka leo anatembea kwa gongo. Kampuni ikaamua kuleta tochi ya kupimia mwendo, kama zile za askari wa barabarani. Atakayezidi kilomita thelathini kwa saa Shingoni ananyang'anywa tiketi ya lifti mpaka theluji iyeyuke.

"Mtupime mwendo sisi?" akasema Hubert mchinjaji. "Thelathini! Ng'ombe wangu mjamzito anashuka malishoni haraka kuliko hiyo!"

"Basi mfunge ski yeye, wewe ubaki nyumbani," akajibu mtu wa nyuma, na baa nzima ikaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Zenzi alikuwa na miaka kumi na saba na alitaka kuingia timu ya mkoa ya mbio za ski. Nikasimama, mimi ambaye sizungumzi kwenye mikutano.

"Siku nyingine pimeni," nikasema. "Lakini Jumamosi tuachieni watoto wetu. Jumamosi wageni wa zamani wanaondoka, wapya hawajafika, mlima ni mtupu. Wasipokimbia siku hiyo, watakimbia lini?"

Watu wakagonga meza kwa viganja kuniunga mkono. Mkuu wa lifti akamgeukia Serafin, maana ndiye angeishika tochi. Serafin akazungusha glasi yake ya bia mara mbili. Alimtazama Zenzi aliyekuwa amekaa karibu na jiko la kuni.

"Jumamosi sitashika tochi," akasema.

Ikawa hivyo. Kila Jumamosi Zenzi alifanya mazoezi juu kileleni, na saa sita alishuka kula kwangu kwa mtindo ambao vijana wa hapa wanauita pumzi moja: kutoka kileleni mpaka mlango wa jikoni bila kupunguza mwendo hata mara moja. Alinitumia neno moja kwenye simu, "Natoka," nami nikabonyeza saa. Muda wake niliuandika kwa penseli kwenye mwimo wa mlango. Mwenye moyo wa kuku ndiye aliyekuwa mshika saa. Nilijiambia kwamba nikiwa na saa mkononi nitajua angalau wakati wa kuanza kuogopa.

Mwezi wa pili theluji ilianguka usiku mbili mfululizo. Alfajiri ya Jumamosi barabara ya bonde ilifungwa kwa kuhofia maporomoko. Wageni walikuwa wameshafunga mizigo, watoto wamevishwa, magari yamepakiwa, kisha wakaambiwa hakuna kutoka. Wangefanya nini? Walishusha ski kwenye magari na kupanda tena mlimani.

Saa tano na nusu kibanda kilikuwa kimejaa mpaka kwenye ngazi. Madonge ya mkate yalikwisha kwenye sufuria ya kwanza, nikaweka ya pili. Niliona umati kwa macho yangu. Niliulisha kwa mikono yangu. Lakini mwili wangu ulikuwa unajua Jumamosi, na Jumamosi maana yake mlima mtupu. Sikufikiri. Sote wa kijiji hatukufikiri. Zenzi alikuwa ng'ambo ya kilele tangu lifti ya kwanza, upande ambao wageni hawaendi, na hakuona kitu.

Simu ikatetemeka karibu na ubao wa kukatia nyama. "Natoka."

Kidole changu kikabonyeza saa kabla kichwa hakijafika. Kisha nikainua macho.

Shingoni kulikuwa na watoto wa shule ya ski, wadogo wa miaka minne, mitano, vichwa vikubwa kwa kofia ngumu. Mmoja alikuwa ameanguka na ski yake imechomoka. Waliomfuata walikuwa wamesimama nyuma yake, wameziba njia kutoka mwamba mpaka msitu. Mwalimu alikuwa amepiga goti akimfungia ski.

Muda bora wa Zenzi ulikuwa dakika mbili na sekunde kumi na moja.

Nikampigia. Ikaita. Simu ilikuwa mfukoni, chini ya zipu, kama nilivyomfundisha mwenyewe asije akaidondosha. Nikatoka nje na mwiko mkononi. Serafin alikuwa kwenye benchi la ukutani akinywa chai.

"Serafin! Zenzi ametoka!"

"Lini?"

Nikamwonyesha saa. Sekunde thelathini na nane.

Alinirushia redio yake ya upepo na kuanza kupanda kwa miguu, buti zikizama kwenye theluji. "Waambie kileleni wasimwachie mtu mwingine!" akasema bila kugeuka.

Nikasema redioni, sijui nilisema nini. Nikamfokea mwalimu: "Watoe! Watoe hapo!" Alinisikia. Alimshika mmoja mkono akamvuta pembeni, akarudi kumchukua mwingine. Wengine walisogea kama mabata, na mmoja akakaa chini kabisa kwa hofu ya sauti yangu.

Dakika moja na sekunde ishirini. Serafin aliwafikia watoto, akawapita, akaendelea kupanda. Alitaka kufika juu ya nundu ili aonekane kutoka mbali. Niliona mabega yake yakipanda na kushuka. Ana miaka hamsini na sita.

Dakika moja na nusu. Dakika moja na sekunde arobaini. Aliteleza, akashika theluji kwa mikono, akainuka.

Hakufika. Zilibaki hatua kumi hivi. Aliona hivyo, akasimama palepale chini ya nundu, akanyanyua mikono yote miwili.

Nilisikia kwanza. Ski zikienda kasi hutoa mlio kama kitambaa kinachochanwa. Kisha Zenzi akatokea juu ya nundu, hewani, ski zake mbili ziko sawasawa, mzuri wa kutazama. Mungu anisamehe, niliona kwamba ni mzuri.

Alimwona Serafin. Nyuma ya Serafin aliona watoto. Kulia mwamba, kushoto msitu, katikati vichwa vidogo. Alipotua akajitupa ubavu, akachimba theluji kwa makali ya ski, na wimbi jeupe likapanda likawafunika wote wawili. Kukasikika mgongano mmoja mzito, wa vitu viwili visivyokuwa mbao.

Sikumbuki jinsi nilivyopanda. Nakumbuka mwalimu akiwagusa watoto kofia mmoja mmoja, midomo ikicheza, kisha akaanza upya tangu wa kwanza.

"Wangapi?" Serafin akauliza. Alikuwa amelala chali, mguu wa kulia umegeukia upande usio wake.

"Tisa."

"Walikuwa wangapi?"

"Tisa. Wote wapo."

Zenzi alikuwa amekaa, damu inamtoka puani. Nilimpapasa kichwa, shingo, mikono. Mzima.

"Kreszenz Larcher," akasema Serafin. "Tiketi."

Hapa mlimani tunaitana kwa majina ya nyumbani, hata mwenyekiti wa kijiji. Sikuwahi kumsikia akimwita Zenzi kwa jina lake kamili.

"Baba, ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Majaribio ya timu ni Jumanne. Baba, tafadhali. Ilikuwa Jumamosi!"

"Tiketi."

Zenzi akanitazama. Alikuwa na haki ya kunitazama, maana mdomo wa kumtetea ninao, na kijiji kizima kiliusikia ukifanya kazi. Nikavuta zipu ya mfuko wa mkono wake, nikatoa ile kadi, nikampa Serafin. Aliiweka kifuani ndani ya koti.

Walinzi wengine walikuwa upande wa maporomoko, na helikopta haikuweza kuruka kwenye mawingu yale. Tuliileta sleji nyekundu kutoka ukutani mwa kibanda. Mimi na mwalimu tukamfunga mguu kwa ubao, naye akatuelekeza, jasho limemjaa usoni kwenye baridi ile.

"Nani atakushusha?" nikauliza.

"Huyo. Nilimfundisha mwenyewe."

"Baba, siwezi. Mikono inatetemeka."

"Ndiyo inavyotakiwa. Nikisikia upepo masikioni, nashuka natembea." Kisha akanigeukia. "Burgl, redio bado unayo?"

"Ninayo."

"Mwite mkuu wa lifti. Mwambie tochi isimame Shingoni. Na Jumamosi."

"Nimwambie umesema wewe?"

"Mwambie umesema wewe."

Nikabonyeza kitufe. Wageni walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi za kibanda, na Hubert alikuwa kati yao, sahani mkononi. Nikasema kwa sauti, jina langu kwanza, kisha yale maneno, na Jumamosi pia. Redio ikakoroma, mkuu akaniomba nirudie. Nikarudia.

Zenzi akashika mipini ya sleji. Wageni waliwapita kulia na kushoto wakiruka na kupiga kelele. Kila alipotaka kukata kona alisimama kabisa, akageuza kichwa akatazama juu, akangoja mpaka njia iwe wazi, ndipo akasogea. Nilisimama Shingoni na aproni yangu nikiwatazama. Safari ya dakika nne ilichukua dakika arobaini.