Maji ya Kuoga na Jiko Lisilo na Moshi

Enzi zetu kule Kilolo hakuna mtoto aliyeoga bila kupita kwa Bibi, maana maji ya moto ya nyumba nzima aliyashika yeye. Mwezi wa saba, ukungu umelala shambani mpaka saa nne, mashavu yamepasuka kwa baridi, sisi tumejazana jikoni kwake na makopo tukisukumana. Jiko lilikuwa kibanda cha nyasi cha peke yake, moshi unatoka kila upande. Ukioga hapo unanuka moshi upya, ila joto umepata. Vijana wa siku hizi umeme ukikatika wanajipaka mafuta na kujiita wasafi.

Bibi hakuwa na kuni za kuchezea. Ugali ukiiva, hakuacha moto upotee bure. Alibandika chungu cha maji palepale, akakifunika na gunia kuukuu, akayafukia makaa kwa majivu yasiishe haraka. Humohumo na sisi tulifukia viazi. Kukicha maji bado ni vuguvugu, vijiti vitatu vinamaliza kazi.

Kisha akaja Fidelis, mdogo wake baba, aliyekuwa anafanya kazi Iringa mjini. Namtaja jina kwa sababu nimechoka kusikia kwamba ilikuwa bahati mbaya. Alileta jiko la mkaa, akasema mjini watu hawaogi jikoni kama kuku wa kunyonyolewa. Mkaa hauna moshi, akasema, kwa hiyo maji yachemkie chumbani, mlango ufungwe, watoto waoge humo wasipigwe na baridi. Bibi akauliza moto usiotoa moshi unapumulia wapi. Wakamcheka. Baba naye alicheka, na ndiye aliyekuwa na uwezo wa kukataa.

Jumapili moja asubuhi mama alikuwa ametangulia kanisani na wanakwaya. Mimi na mdogo wangu Agnesi tukaingia chumbani na beseni, tukafunga mlango kama tulivyoagizwa, na upenyo wa chini tukauziba kwa kitenge. Lile joto lilikuwa tamu, sijalisahau. Agnesi akasema kichwa kinamuuma, akajilaza kidogo. Mimi miguu ikaisha nguvu, nikaangukia mlangoni. Bibi aliposukuma mlango alinivuta mimi kwanza, kwa kuwa ndimi niliyekuwa karibu. Agnesi hakuamka.

Watu wakasema karogwa. Aliyeanza ni Fidelis, eti Bibi alilichukia jiko lake. Baba hakumtetea. Bibi aliishi na neno hilo mpaka anazikwa.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Habari ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa sikuisoma popote, nililala ndani yake. Sasa naishi Mbeya, na tulipojenga, wanangu walibishana wiki nzima, huyu hita ya umeme, yule mtungi wa gesi. Nikachagua pipa. Limejengewa matofali nje, lina koki, chini mlango wa kuni. Vijiti na magunzi ya mahindi, watu sita tunaoga. Mkaa ndani ya nyumba hauingii, hata wa kuota. Binti yangu analalamika, "Mama, majirani wanauliza kama tunachoma matofali." Waache waulize.

Mwaka huu Fidelis alikuja kunisalimia. Amezeeka, anatetemeka kwa baridi, akaomba maji ya moto. Nilimchotea ndoo kwa mkono wangu. Alipotoka bafuni akasimama karibu na pipa, akafikicha macho.

"Mwanangu, hili lako lina moshi sana."

"Ndiyo, baba mdogo. Ila huu unauona."

Nilisubiri alitaje jina la Agnesi, hata mara moja. Akaniuliza kama chai iko tayari.

Nikampa chai. Zamani maji yalikuwa kidogo na sisi tulikuwa wengi. Leo kila mtu anaoga kwa wakati wake, mlango wake, na jioni nalikuta pipa bado limejaa nusu, maji yanapoa yenyewe.