Breki Mpya, Mama Mkwe Ndani

Nikisimulia haya uso bado unanichoma, na kama si kwamba kijiji chetu kizima cha Kanja kinaijua habari hii ningeinyamazia, lakini afadhali muisikie kwangu kuliko kwa wale wanaoongeza chumvi.

Gari langu ni kuukuu, na diski za breki za mbele zilikuwa zimeisha mpaka kila nikisimama usukani unatetemeka mikononi. Nikanunua mpya pamoja na pedi zake, nikaamua kuzibadilisha mwenyewe nyumbani (nilikuwa nimetazama video kwenye simu, na mwanamume akishatazama video humwambii kitu). Shida ni kwamba siku hiyo hiyo nilikuwa nimemwahidi mama mkwe, aliyetutembelea kutoka Kibirichia, kumfikisha Runyenjes apande gari la Meru.

Nilidhani ni kazi ndogo. Lakini zile diski za zamani zilikuwa zimeng'ang'ania kwa kutu, nikagonga, nikamwaga mafuta, nikagonga tena, mgongo ukaniuma, jasho likaingia machoni, na nilipokaza nati ya mwisho mama mkwe alikuwa zamani ameketi kwa veranda na koti lake, mkoba magotini, akiitazama barabara. Kule kutazama ndiko kulikonimaliza.

Mke wangu Karimi akatokeza jikoni. "Si ujaribu gari kwanza?"

"Tutalijaribu tukiwa njiani," nikamjibu, nimechoka hata kufikiria.

Sasa, ukifunga pedi mpya unasukuma pistoni za breki zirudi ndani kabisa, kwa hivyo kabla gari halijasonga lazima ukanyage pedali mara kadhaa mpaka uisikie imekuwa ngumu. Mimi sikukanyaga hata mara moja.

Mama akaingia mbele. Nikaondoa jiwe kwenye gurudumu, nikaruka ndani, nikawasha, na gari likaanza kuteremka (boma letu liko kwenye mteremko, na handibreki ilikufa mwaka ambao hata siukumbuki). Nikakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka chini, laini kama uji, nami nikapiga kelele, "Mama!" Tukatoka langoni, tukavuka barabara ya udongo, tukapasua ua wa miiba ya kayaba wa jirani yetu Mama Njeru, na huko ndani, jamani, kina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kuiombea nyumba yake mpya, na mchungaji amefumba macho katikati ya maombi.

Viti vya plastiki vikaruka, watu wakatawanyika, nami nakanyaga tu, nakanyaga, na breki zikakumbuka kazi yao baada ya gari kuangusha sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe. Zikashika vizuri ajabu. Tukasimama tuli, supu ikitiririka chini ya magurudumu, na kwa neema ya Mungu hakuna aliyekwaruzwa.

Mchungaji akafumbua macho. Mama Njeru akaja mpaka dirishani, mwiko mkononi.

"Baba Mwende," akasema, "hata kama hatukukualika, si ungepitia kwa gate?"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi niliinamia usukani. Mama mkwe ndiye aliyeshuka, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa, akawasalimia wote mmoja mmoja, akawasaidia kuokota viti. Kisha akaniambia kwa upole, "Mimi nitatembea."

Nikambebea mkoba hadi kwenye lami. Gari la abiria lilipokuja, akanigeukia.

"Ulipopiga kelele 'mama!' pale kwa mteremko, ulikuwa unaniita mimi ama unamlilia mama yako?"

"Sijui, Mama."

"Basi mimi niliitika," akasema, akapanda.

Jioni Karimi alipika njahi nyingine, nikazipeleka mwenyewe kwa Mama Njeru, nikasimama pale nikichekwa mpaka wakatosheka. Nimeapa: gari likitaka breki tena linaenda kwa fundi, na mgeni wangu atapanda la watu wengine. Lakini kiapo changu hakijawaingia wale kina mama, kwa sababu mpaka leo wakiniona nikija, hata kwa miguu, huwavuta watoto kando ya njia.