Maji Yaliyopanda Mzizini

Jirani yangu Ernestine hulima mihogo na karanga nje kidogo ya Kasongo. Kiangazi hupeleka mawese Salamabila, kwa wachimba dhahabu. Ni mama wa sauti ya chini, mwepesi wa kucheka.

Mwaka juzi alisafiri kwa pikipiki ya Abedi, kijana anayeijua vizuri njia ya Kabambare. Walipokuwa wakipanda mlima mnyororo ulikatika, pikipiki ikaanguka, bidoni ya maji ikapasuka. Hawakuumia, lakini Abedi alikuwa ametoka nyumbani na homa, na sasa ilizidi. Aliketi kando ya njia akitetemeka. Kijito cha karibu kilikuwa kimebaki mchanga mtupu.

"Mama, niko na dawa, lakini koo imekauka," alisema. "Maji iko wapi huku?"

Ernestine akatazama shamba la zamani lililoachwa. Pale palisimama parasolie, ule mti wa majani mapana kama mwavuli, uliojiinua juu ya mizizi yake kana kwamba una miguu. Alikumbuka marehemu bibi yake akiwanywesha maji ya mti huo walipokimbilia porini wakati wa vita. Alikuwa mdogo sana. Miaka yote alidhani aliota.

Alichukua panga, akakata mzizi mmoja mwembamba, akakiinamisha kipande kilichobaki ardhini juu ya sufuria yake ya safari. Tone likaanguka. Jingine likafuata. Kabla jua halijazama maji yalitosha kumeza dawa. Alfajiri sufuria ilikuwa imejaa, inamwagika.

Abedi alikunywa, kisha akaukodolea macho ule mzizi. "Umeukata kwenye muti, Mama. Sasa nani anasukuma maji?"

"Sijui, mwanangu. Kunywa tu."

Asubuhi hiyo mpita njia aliwafikisha Kabambare, Abedi akatibiwa, akapona. Ernestine ndiye aliyebaki na lile swali. Aliporudi alimpelekea Aristote, agronomu, mtaalamu wa kilimo anayetembelea wakulima wa kwetu. Aristote alifunga punje za mahindi katika kitambaa kibichi, akamwambia angoje. Siku alipokuja kukifungua, kila kizizi kilikuwa kimevaa manyoya meupe, laini kuliko pamba.

"Maji inaingilia hapa," alisema. "Ndani ya muzizi chumvi ni nyingi kuliko kwenye udongo, kwa hiyo maji inaifuata yenyewe. Ikijaa, inasukumana kupanda kwenye mirija myembamba. Ndiyo ile mliyokunywa njiani. Na mchana, jua likikausha majani, majani nayo inavuta ingine toka chini, mupaka kileleni."

Ernestine alishika kitambaa kwa mikono miwili, akiogopa hata kukipumulia.

"Bila moyo? Bila kelele?"

"Bila kelele, Mama. Nimesoma mambo haya zamani, na kila nikifungua kitambaa ninanyamaza kwanza."

Wakakiinamia kitambaa wote wawili.

Tangu hapo akihamisha miche huibeba na bonge lake la udongo, yale manyoya yasikatike, polepole, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Watu humcheka, naye hucheka nao. Wiki iliyopita aliniita shambani kabla ya jua kuchomoza. Kwenye ncha ya kila jani la mahindi machanga lilining'inia tone moja safi. Nikasema ni umande.

"Hapana," alininong'oneza. "Umande ungelowesha jani lote. Hii imetoka chini."

Nilichuchumaa kando yake, tukayatazama matone mpaka jua likayanywa.